Matanga Kwenye Moto wa Wageni

Watu hunisifia ule mlima. Mpaka leo mtu akitoka Lilongwe akapita kwangu hapa kambini Dzaleka, ananiambia, koko, yaani bibi, una bahati, we ulifika mpaka ndani ya msitu wa hifadhi, wengine tunausikia tu. Mi namjibu: nenda. Ukirudi uniambie uliona nini. Mi niliona yangu.

Vita ya pili ilikuwa bado inawaka kwetu Fizi, na sisi tulishakimbilia huku kambini. Tulikuwa wamama washonaji wa kanisa, na mkubwa wetu tulimwita mama prezida kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Yeye njo alitupatia kazi ya mapazia. Kulikuwa na madamu mmoja mzungu mwenye nyumba Lilongwe, mtaa wa Area 47, na bwana yake alikuwa na loji mbili upande wa mlima: moja chini, penye wanyama waliozungushiwa ua, na nyingine juu, ndani ya msitu wenyewe. Tulishona mapazia ya zote mbili. Siku ya kuyapeleka, madamu akasema wamama wote waje, watembezwe, wafurahi. Tukapata ruhusa ya kutoka kambini, tukapanda minibasi yake.

Mke wa mwanangu alikuwa mmoja wetu. Lazima nieleze habari yake kidogo, maana bila hiyo hutaelewa hasira yangu. Tulipokimbia kwetu tulipita milimani, na kule mlimani mtoto wake wa kwanza alibaki. Hayo yanatosha. Hatukumfanyia matanga. Matanga yanataka moto nje, watu wakae chini kuuzunguka, marehemu asimuliwe tangu kuzaliwa kwake, halafu mkubwa wa familia auzime moto, kilio kiishe. Sisi tungewasha moto, askari wangeona moshi. Tulipofika Dzaleka mwanangu akakataa. "Matanga ya mutoto wangu haitafanyika mu inchi ya batu," akasema. "Tutafanya tukirudia kwetu." Basi ikabaki hivyo. Na katika ukoo wetu, kama matanga hayajafanyika, mama hataji jina la mtoto wake wala hasimulii habari zake. Yule mwanamke alinyamaza miaka yote hiyo. Alishona, alipika, alizaa wengine, lakini kuna mahali ndani yake palikuwa pamefungwa, na mi nilipaona kila siku.

Loji ya chini walituonyesha punda milia na swala. Mfanyakazi wa pale akatueleza kwamba punda milia mmoja aliumia mguu, na daktari akaja kutoka Lilongwe siku ileile. Mkalimani wetu, baba mmoja wa Kindu aliyeuza sabuni na chumvi kambini, alipotufasiria hayo, mama mmoja akasema, "Baambie batuhesabu na sisi kuwa punda." Wakacheka. Mi sikucheka sana. Juma lile nilikuwa nimeshinda kwenye mstari wa kliniki na mjukuu mwenye homa mgongoni.

Kisha tukapanda juu kwa miguu. Baridi, ukungu, njia nyembamba yenye mizizi, miti imeota ndevu kama ya kwetu. Mke wa mwanangu alitembea nyuma yangu, haangalii pembeni. Sisi wengine mikono ilikuwa inajiokotea kuni. Hakuna aliyeamua; mwanamke wa kambi akiona kijiti kikavu anainama. Tulipofika kwenye geti la loji, kila mmoja alikuwa na mzigo kichwani. Mlinzi akakasirika, akasema kwa Kichewa kwamba huu ni msitu wa serikali, hata kijiti hakitoki. Tukatua mizigo. "Zikomo," mama prezida akamshukuru, kana kwamba mtu yule ametupa kitu.

Tukaingia. Mbele ya nyumba palikuwa na moto mkubwa unawaka nje, mchana, magogo mazima, na juu yake hakuna hata sufuria. Viti vimeuzunguka. Wazungu wamekaa kimya, vichwa wameviinamisha kwenye vikombe.

"Bamama, mutengeneze sura," mama prezida akanong'ona. "Hapa iko kilio."

"Nani amekufa?"

"Nitajulia wapi? Mujifunge vitenge."

Tukajifunga vitenge kiunoni, tukavua viatu. Nikamwendea mzee mmoja mwenye kofia, nikashika mkono wake kwa mikono yangu miwili. "Pole sana, baba. Mungu njo anajua." Akanichekea meno yote. Nikajua huzuni imemharibu kichwa. Nyuma yangu wamama walishakaa chini, miguu wameinyoosha, na mmoja alikuwa ameanza wimbo.

Baba wa Kindu akaja mbio. "Bamama, bamama, musimame. Hakuna mutu amekufa. Banaota moto tu."

"Banaota moto inje, na nyumba iko pale?"

"Njo kupumuzika kwao."

"Na kuni hizi ni za nani?" nikamuuliza. "Si ni za serikali?"

"Koko, tafazali."

Tukaletewa chai. Madamu akasimama, akazungumza na wageni wake kwa muda, na wale wageni wakawa wanatuangalia, vichwa wameviinamisha upande. Baba wa Kindu alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema ule mama mwenye aliacha mutoto mu pori asimame, aelezee bageni. Banataka kusikia. Kisha bapige naye picha."

Nikamgeukia mama prezida. Hakungoja niulize. "Nilimwambia kidogo tu, koko, siku tulienda kupima madirisha. Ili atuhurumie, atupatie kazi."

"Ulimupatia mutoto wetu ili tupate mapazia."

"Koko, bageni banatuangalia."

"Baangalie."

Nikasimama, nikamwambia baba wa Kindu: mwambie madamu mapazia yako pale mezani, yamekwisha, kazi yetu ni hiyo. Akafasiri, lakini niliona usoni kwake kwamba ametia sukari. Madamu akatabasamu. Akamwendea mke wa mwanangu, akamshika kiwiko taratibu, akamwinua kama unavyomwinua mgonjwa.

Nilikuwa bado natafuta tusi, kwa lugha yoyote ile, yule mwanamke alipoutoa mkono wake. Akaenda motoni. Wageni wakageuza viti, wakadhani sasa atawahubiria. Yeye akawapa mgongo, akakaa chini, akanyoosha miguu, akaweka mikono yote miwili kichwani, akaanza. Alianza tangu usiku wa kumzaa, kwa Kibembe, lugha yetu, hakuruka kitu. Wamama wakainuka, wakaenda kukaa kumzunguka. Hata mama prezida alikaa. Mi nikakaa kando yake, mahali pa mkubwa wa familia.

Madamu akawa anamvuta mkalimani shati. Baba wa Kindu hakusikia Kibembe hata neno. "Koko, niseme nini?"

"Sema anasema moto wao ni muzuri."

Akasema hivyo. Nilisikia madamu akiwaambia wenzake, na wakaitikia kwa vichwa.

Alipofika mwisho, kule mlimani, akanyamaza. Na wale watu wakapiga makofi. Naandika tena ili usidhani nimekosea: walipiga makofi. Mmoja alipangusa machozi kwanza, kisha akapiga. Mwenye kamera akatuwashia taa yake mgongoni. Nimeona mabaya mengi katika vita hiyo, lakini kilio cha mama kupigiwa makofi nilikuja kukiona huku, penye amani.

Moto wa matanga unazimwa na mkubwa wa familia. Maji hayakuwepo. Kwenye meza yao palikuwa na birika kubwa la chai. Nililichukua nikalimwaga lote motoni. Halikutosha, nikachukua na maziwa. Moshi ukawapanda machoni, wakaruka kwenye viti wakikohoa. "Kilio kimekwisha," nikasema, kama inavyosemwa. "Kimekwisha," wamama wakajibu. Tukafungua vitenge, tukavaa viatu.

"Umetuaribia kazi, koko," mama prezida akasema ndani ya minibasi. "Madamu hatatuita tena."

"Asituite."

Hakutuita kweli. Wako wamama walioninunia miezi mingi, na walikuwa na haki, maana walilisha watoto kwa kazi ile. Lakini mnipeleke tena leo kwenye moto ule, nitamwaga tena, na nitatafuta birika kubwa zaidi.

Mwanangu aliposikia alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nani alimpa mke wake ruhusa, katika nchi gani, mbele ya nani. Mke wake alikuwa anachambua maharage. Alimwacha amalize. Kisha akalitaja jina la mtoto wao, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mtoto aje kunawa. Mwanangu akakaa chini.

Jina lenyewe sitaliandika. Wale wageni hawakulipata, na we unayesoma hukukaa chini na sisi.