Somo la Sita Ambalo Sikulisoma

Mwaka wa 1998 nilipata asilimia tisini na nane katika mtihani ambao sikuufanya.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa matibabu. Na mimi ndiye niliyekuwa natibu watu.

Naitwa Jethro. Nimestaafu, niko zangu kijijini Ikonge na majani chai yangu, sina bosi wa kuniita ofisini. Wacha niseme.

Wakati ule nilikuwa tabibu kwenye kliniki ndogo mjini Kisii, vyumba viwili nyuma ya duka la karatasi la Bwana Umesh. Umesh alikuwa na kitu ambacho wengi mjini walikuwa wanakisikia tu: kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu. Binti yake Jyoti, wa miaka ishirini na mbili hivi, ndiye aliyeiendesha.

Siku moja akaniambia, "Daktari, kuna walimu wa ng'ambo wanatuma masomo ya bure kwa barua pepe. Ni ya watu wa kliniki ndogo kama wewe. Masomo kumi, halafu unapewa cheti."

Nilisikia cheti. Hayo mengine yalipita juu.

Somo la kwanza nililisoma. La pili nikasoma nusu. Malaria ilikuwa imetuvamia vibaya mwaka huo, foleni yangu ilikuwa inafika nje barabarani. Nikamwambia Jyoti, "Nijazie tu hayo majibu. Si ni kuchagua a, b, c?"

Akanitazama. "Na nikikosea?"

"Ukikosea, si ni bure?"

Akajaza. Mtihani wa katikati ya kozi ukarudi na tisini na nane. Nilitembea na hiyo karatasi mfukoni wiki nzima, naionyesha watu.

Sasa ikaja Jumanne moja, saa sita mchana.

Mama mmoja akaingia amembeba binti yake wa miaka saba, Bosibori. Walitoka upande wa Nyamache, wameomba lifti kwenye lori. Mama mwenyewe jina lake Bathsheba.

"Ameanza kutetemeka asubuhi, daktari. Ni malaria."

Nilikubali kabla hata ya kumgusa mtoto. Hajijui, misuli inarukaruka, povu mdomoni. Malaria imepanda kichwani, hiyo nilikuwa nimeiona mara ishirini mwezi huo. Nikatoa kwinini, nikaanza kutayarisha dripu.

Jyoti akaingia na karatasi za somo la saba. Akasimama mlangoni.

"Daktari, mbona amelowa hivyo?"

"Jasho la homa."

"Umepima homa?"

Nilitaka kumfukuza. Nikaweka kipimajoto kwapani ili anyamaze tu.

Thelathini na sita. Hakuna homa.

"Fungua jicho lake," Jyoti akasema. "Tafadhali."

Nikafungua. Mboni ilikuwa imekuwa kitone, kama nukta ya kalamu. Jicho la pili, vilevile.

"Hilo ni somo la sita," akasema polepole. "Mate, jasho, mboni ndogo, kifua kimejaa maji. Ni sumu ya kuulia wadudu, daktari. Si nilikuletea ulisome lile..."

Akaona mama anasikiliza, akakatiza hapo.

Nikaiweka kwinini chini.

"Mama, mtoto amekunywa nini?"

"Hajakunywa kitu."

"Kuna dawa ya kunyunyizia nyumbani?"

"Hakuna."

"Mama, sema ukweli."

Akafunga mdomo. Mtoto alikuwa anakoroma kama mtu anayevuta maji kwa mrija.

Jyoti akachutama karibu na yule mama. Akaongea naye Ekegusii, lugha ya huku, maana alizaliwa hapa hapa mjini. Hakuinua sauti. Alimuuliza kitu kimoja, akangoja.

Mama akaangalia sakafu, akaeleza.

Mtoto alikuwa na chawa. Jirani alimwambia dawa ya kupe, ile ya ng'ombe, inawamaliza. Alimpaka jana jioni. Asubuhi akarudia, akamfunga leso kichwani ili ishike.

Leso ilikuwa bado imefungwa.

"Inapita kwenye ngozi," Jyoti akasema. "Avuliwe kila kitu, aoshwe na sabuni na maji mengi. Halafu atropini, ndiyo dawa ya sumu hii. Unarudia mpaka kifua kikauke. Moyo ukienda mbio, usiogope ukaacha."

Nilikuwa na chupa nne ndogo za atropini. Nikampa mama glavu na beseni, akaanza kuosha. Mimi nikadunga ya kwanza, nimeipima kwa uzito wa mtoto.

Hakuna kitu.

Nikarudia. Hakuna kitu. Jyoti alikuwa ameshatoka mbio kwenda duka la dawa.

Baada ya chupa ya nne, Bosibori akaacha kupumua.

Nikamwekea barakoa yenye mfuko wa hewa, nikawa naukamua kwa mkono. Mama alikuwa haoshi tena. Amesimama tu na sabuni mkononi, anasema "omwana one, omwana one", mtoto wangu.

Jyoti akarudi na chupa nane zimefungwa kwenye shali.

Ya tano. Ya sita. Nikaweka sikio kifuani. Yale maji yalikuwa yamepungua. Ya saba, akavuta pumzi mwenyewe.

Bwana Umesh akaleta pikapu, tukampeleka hospitali kubwa nikiwa nimemshikilia nyuma.

Siku ya tatu aliamka, akaomba uji.

Nilimuuliza Jyoti alijuaje yote hayo. "Laini ni polepole," akasema. "Ukurasa mmoja unachukua dakika nyingi kufika. Nilikuwa nasoma nikingoja. Nilidhani na wewe unasoma nyumbani."

Siku mtoto anatoka hospitali, nilimuuliza mama yake kwa nini alinificha.



"Mwezi uliopita nilikuletea kaka yake ameungua. Nilikuwa nimempaka dawa ya meno. Ulinifokea mbele ya foleni yote, ukasema wanawake kama mimi ndio wanaua watoto."

Sikukumbuka. Hata sura yake sikuikumbuka.

Jioni ile nikatoa somo la sita, nikalisoma kwa mara ya kwanza. Kabla ya dalili, kabla ya dawa, mstari wa kwanza kabisa ulisema: muulize mzazi kwa upole, kwa sababu ukimlaumu atanyamaza.

Niliwaandikia wale walimu ukweli wote. Walifuta alama zangu, wakaniambia nianze upya. Nilianza. Jyoti alikataa hata kunibonyezea herufi moja.

Nyinyi mnaotibu watu sasa, najua masomo haya yako kwenye simu, na najua kuna wanaobonyeza tu mpaka cheti kitoke. Someni. Na mzazi akikaa mbele yako na jambo la aibu, mwache alitoe. Wewe ndiye unayelihitaji kuliko yeye.