Kisiwa Nilichokipunguza

Nimezaliwa Mbulumbulu, kwenye ngano na maharage. Maji ninayoyajua mimi ni ya mvua na ya bomba. Ujasiri wa kuandika habari za kisiwa niliupata wapi, sijui.

Chuo ninachofundisha kilitangaza ruzuku ndogo za kuanzisha utafiti, kwa wahadhiri wachanga watakaochunguza visiwa kwa picha za setilaiti, zile ambazo mashirika ya anga za juu huzitoa bure. Mkataba wangu ulikuwa ukingoni, na bila ruzuku nisingeongezewa. Nikachagua kisiwa kidogo karibu na Mafia, nikapata picha mbili zilizopishana miaka miwili. Zote zilipigwa saa nne na nusu asubuhi, nikajiona makini kweli. Ya pili ilionyesha ufukwe umeliwa karibu nusu. Nikaandika kwamba kisiwa kinazama na wakazi waandaliwe kuhama.

Likizo ilinikuta nyumbani. Mtandao wa Mbulumbulu ni wa kubahatisha, kwa hiyo siku ya mwisho nilishuka Karatu kwa kaka yangu, nikaiteka meza ya sebuleni. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi na moja jioni. Tangu asubuhi kila aliyenisemesha nilimjibu vibaya.

Saa tisa wifi yangu, mke wa kaka, akaleta chai. Yeye ni mzaliwa wa kisiwa hichohicho, na mama yake bado analima mwani huko. Nilikuwa sijamuuliza hata neno moja! Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia wanafunzi kila siku. Akazitazama picha bila kuketi.

"Wifi, mbona hapa maji yamekupwa na hapa yamejaa?"

Nilimwambia kwa ukali kwamba saa ni ileile. Akanieleza taratibu kwamba bahari haifuati saa ya ukutani. Leo saa nne maji yako mbali, wiki ijayo saa nne yako mlangoni. Nikatafuta jedwali la kupwa na kujaa la tarehe zile mbili. Loo, nilinyong'onyea. Kisiwa kilikuwa hakijapungua kitu.

Nikampigia mkuu wangu wa idara, ambaye alikuwa ameshasaini maombi. Akasema nitume hivyohivyo, wanaopitisha hawatagundua. Niseme kweli, nilitaka kumtii. Niliogopa kukosa kazi kuliko nilivyoogopa uongo. Lakini wifi alikuwa ameshausoma mstari wa mwisho.

"Na mama yangu mnampeleka wapi?"

Nikafuta. Baada ya kufuta hapakubaki hoja, na nilihangaika kutunga nyingine mpaka saa kumi na moja ikapita. Nikafunga kompyuta, nikalia.

Wifi alikuwa jikoni anaongea na mama yake kwa simu. Akaja, akanipa niongee naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyekuwa unatuhamisha?"

"Ni mimi, mama."