Vumbi Lililokutana na Moshi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua bado haijaja, nilipomkuta Mwaitu kwenye nyumba yetu ya Buruburu akipanga nguo zake ndani ya kiondo. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Wewe ulimjua kama Susu, bibi yako. Alikuwa amekuja kutoka Kitui kutulea baada ya wewe kuzaliwa, na sasa alitaka kwenda zake.

Mwanangu, nimekumbuka haya kwa sababu ya ujumbe wako wa jana. "Mum, mama yake Kyalo ananimaliza. Anakung'uta blanketi ya mtoi hapo kwa balkoni, vumbi yote inarudi kwa nyumba. Nimechoka, nitamwambia aende." Nimeusoma mara mbili. Kabla hujamwambia lolote huyo mama wa mumeo, nisikilize kidogo.

Susu wako naye alikuwa na desturi zake. Kila asubuhi alifagia uani kwa ufagio wa njiti, mkavu kabisa, kisha akakung'uta blanketi lako na kulianika upande wa Jogoo Road. Wewe alikulaza kwenye mkeka katikati ya shughuli zote hizo ili jua likupate. Kwetu Kitui mtoto hulelewa hivyo. Mimi nililelewa hivyo hivyo na miguu yangu ikawa imara, ingawa siku hizi inanilalamikia nikipanda ngazi.

Kisha kifua chako kikaanza kubana. Ulikuwa ukivuta pumzi mbavu zinaingia ndani, na sauti nyembamba inakutoka kooni. Sijawahi kuogopa vile, na naomba wewe usije ukaogopa vile. Tulikukimbiza kliniki, ukapewa dawa, ukatulia. Muuguzi akauliza huwa tunakulaza wapi, nikamweleza. "Basi ni huyu shosho anamlisha mtoto vumbi," akasema. Mwaitu alikuwa amesimama pale pale. Alisikia kila neno.

"Mikono yangu ndiyo imemziba mtoto pumzi," akaniambia asubuhi ile ya kiondo. "Niache niende kabla sijamuua."

Nililia, mwanangu. Nilimhitaji, lakini zaidi ya hapo sikutaka mama yangu apande basi na mzigo huo moyoni. Nikamkimbilia jirani yetu, Mwalimu Zainabu, mstaafu aliyekuwa amefundisha kemia miaka mingi. Penye wazee haliharibiki neno. Akaja na leso yake begani, akamsalimu Mwaitu vizuri, akaniagiza ganda la yai na ndimu. Alilisaga ganda likawa unga, akaumimina kwenye sahani, akaukamulia ndimu. Unga ukaanza kutoa povu.

"Dada yangu," akamwambia, "ndani ya vumbi la huku mna chembe za chokaa kama unga huu. Na moshi wa magari na wa viwanda vya Industrial Area ukikaa hewani hugeuka asidi, kali kuliko ndimu hii. Vumbi likipeperuka hukutana na ile asidi, na hapo chembe hugeuka kitu kingine. Huanza kuvuta unyevu, na uchafu wa moshi huingia nazo hadi kifuani. Hata vumbi la Kitui si dawa, lakini hili si lile ulilolijua."

Mwaitu aliinamia ile sahani. "Kumbe limechanganyika njiani," akasema. "Na mimi naliona jekundu, nadhani ni letu la Kitui."

"Kwa macho huwezi kulijua. Ulifanya kwa mapenzi, hakuna wa kukulaumu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, badala ya kulia, mtafutie mama yako kitambaa na ndoo ya maji!"

Kiondo kikarudi chini ya kitanda. Tangu siku hiyo Mwaitu alinyunyiza maji kabla ya kufagia, alipangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, na madirisha ya upande wa barabara aliyafunga magari yanaposongamana. Kifua chako kilisumbua tena mara chache, na kliniki hatukuiacha, lakini ulipumua. Akawa mkali kuliko Mwalimu mwenyewe. Majirani waliofagia kavu walimkimbia! Na neno lako la kwanza, mwanangu, lilikuwa "Susu". Mimi niliyekuzaa nikasubiri zamu yangu.

Basi hapo kwako Donholm, na barabara ya Outering iko mlangoni, blanketi lisikung'utwe balkoni. Liloweke, lifue, likauke ndani. Mtoto akikohoa, nenda kliniki, usingoje ushauri wa simu, hata wangu. Lakini mkweo usimfukuze. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama huyo ameacha shamba lake kwa ajili ya mtoto wako, na anachofanya ndicho kilichomkuza mumeo. Mkalishe jikoni, msagie ganda la yai, mwonyeshe povu, umwachie mwenyewe aseme alichokiona. Ukweli ukiletwa kwa heshima, mzee huupokea na kuulinda kuliko wewe.

Mungu akifungue kifua cha mjukuu wangu, na awape wewe na mkweo uhai wa kumwona akikimbia. Na siku mtoto atakapomwita mkweo kabla yako, uone wivu kidogo, kisha ucheke. Amina.