Hotuba Iliyokwama Kwenye Diski

Mtaani walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Kazi yake kupiga video za harusi. Mtu huyu hakai! Chai anakunywa amesimama, simu anaipokea akiranda uani, hata akigombana na mkewe anagombana huku anatafuta viatu.

Alasiri hiyo, basi, alikuwa mbele ya kompyuta ya sebuleni, na kule kukaa kwenyewe kulikuwa adhabu. Kwenye kochi la pembeni aliketi baba mkwe wake. Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala na sauti ikaondoka nao. Yule aliyekuwa akinguruma hadi majirani wanazima redio, sasa alisema kwa macho na mkono wa kushoto tu.

Ndipo mke wa Kiguu akakumbuka kwamba kwenye harusi ya mdogo wake baba alitoa hotuba, na aliyepiga video ni mume wake mwenyewe.

"Nataka kumsikia baba," alimwambia. "Naanza kuisahau sauti yake. Unanielewa? Naisahau!"

"Ondoa shaka, ipo," akajibu Kiguu.

Ee, ipo! Ipo kwenye diski ya nje iliyozeeka, nakala moja tu duniani, maana kila siku alisema ataihamishia kwenye kompyuta kesho.

Sasa haihami. Anainakili, mstari wa kijani unatambaa hadi katikati, unaganda, kisha yanakuja maandishi: kunakili kumeshindikana, kifaa hakipatikani. Akazima kompyuta, akawasha. Wapi! Akabadilisha waya. Akauchomeka kwenye tundu la nyuma ya mashine. Mstari ukatambaa, ukafa. Mara diski yenyewe ikaanza kulia tik, tik, na jasho likamtoka Kiguu. Hofu ilimshika kwelikweli. Mkewe alikuwa jikoni anaosha vyombo, anasubiri. Angemwambia nini?

Akampigia fundi wa kompyuta.

"Unanakili harusi yote kwa mkupuo mmoja?" fundi akauliza.

"Yote. Tangu bibi harusi anasukwa."

"Bwana wee! Hiyo diski ni mgonjwa, na wewe unamtwisha gunia. Chukua faili moja, lile unalolihitaji kuliko yote. Halafu iache mezani, usiiguse."

"Siigusi."

"Nakujua wewe. Usiiguse!"

Akachagua hotuba peke yake. Mstari ukaanza. Kiguu akaibana mikono mapajani. Akaitoa tena mikono. Hebu asikilize kidogo tu, kama bado inazunguka... Akainyanyua diski hadi sikioni, waya ukacheza kwenye tundu lake, mstari ukakatika.

Kumbe! Mchana kutwa alikuwa akiinyanyua hivyo hivyo kila mstari ulipofika kati, na mchana kutwa alilaumu waya, umeme na aliyevumbua kompyuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaona aibu, tena mbele ya mkwe.

Akaanza upya. Mstari ulipofika kati, mkono ukaondoka wenyewe kuelekea mezani, na hapo ukadakwa. Mzee alikuwa amejikokota hadi ukingoni mwa kochi, akamshika kifundo cha mkono kwa ule wa kushoto, akambana.

"Baba, naangalia tu..."

Mzee akamtolea macho. Na wewe niambie, nani mwenye adabu zake atampokonya baba mkwe mkono? Angekuwa fundi ndiye aliyemshika, angemsukuma. Mkwe ni mkwe. Kiguu akatulia, goti likitikisika chini ya meza, wakakaa wameshikana kama wachumba. Mstari ukasimama. Kiguu akaacha kupumua. Ukasogea tena, kwa madaha, ukafika mwisho. Diski ikalia tik moja, ikanyamaza, na taa yake ikazimika. Haikuwaka tena.

Mzee akamwachia. Kiguu akafungua faili. Picha ilikuwa inakatikakatika, lakini sauti ilitoka nzima, ikajaa sebule.

"Kabla ya bwana harusi, nina neno na mkwe wangu wa kwanza. Hebu mwangalieni! Kamera yake hii hapa, yeye mwenyewe hayupo!" Watu wakaangua kicheko. Ni kweli, wakati ule Kiguu aliiacha kamera kwenye stendi akaenda nje kuhangaika na taa. Hotuba hii hakupata kuisikia. "Nilipomwoza binti yangu nikasema huyu atamkimbia. Jamani, nilikosea. Nikimwita, anafika kabla sijakata simu."

Kiguu akainama. Hakuthubutu kumtazama mzee.

"Na yeye mwanangu wa kwanza yuko wapi?" sauti ikaendelea. "Njoo hapa mbele. Mwanangu!"

"Abee, baba!"

Mkewe aliitika kutoka jikoni kabla hajawaza. Akaja mbio, mikono imejaa povu la sabuni, akasimama mlangoni. Hakuitazama kompyuta. Alimtazama mzee kwenye kochi.

"Baba, umeniita?"

Mzee akaitikia kwa kichwa.