Kuku Mweupe wa Ardis

Ardis Ollenburg alipika katika shule ya mji wa Norling, Minnesota, kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kufungua makopo. Makopo ya mahindi, makopo ya maharage, viazi vya unga vya kukorogwa kwa maji ya moto, watoto mia mbili kwenye foleni, kila siku iendayo kwa Mungu. Siku aliyostaafu alipewa saa ya ukutani na keki. Akarudi nazo nyumbani, akamwambia mumewe, Delbert, kwamba kuanzia leo yeye na makopo basi, na kila Jumapili nyumba hii itakula chakula cha nchi nyingine.

Delbert, aliyelima soya maisha yake yote na ambaye kwake pilipili manga ilikuwa tayari ni vituko, aliuliza tu kama nyama itakuwemo.

Ikapita miaka tisa. Ardis hajapanda ndege hata siku moja. Safari yake ndefu kuliko zote ilimfikisha Chicago, tena kwa mazishi. Lakini amesonga ugali wa Ghana, amekunja majani ya mzabibu kama wafanyavyo Lebanon, amechachusha kabichi ya Kikorea gerejini mpaka Delbert akaona heri gari lilale nje kwenye theluji. Wala hapiki kwa kubahatisha. Kabla ya kuwasha jiko husoma mapishi matano ya chakula hichohicho maktabani, akayalinganisha, kisha akajaribu wee mpaka mkono ukubali. Mwanamke yule ni fundi, nasema wazi, na anayebisha hajala kwake.

Aliyekula na bado akabisha alikuwa mmoja tu: Lavonne, dada yake Delbert, ambaye hakukosa mlo wa Jumapili wala hakukosa neno.

"Wifi yangu, hebu nikuulize," alisema siku moja huku akijiongezea pilau ya Uzbekistan. "Miaka tisa unatulisha vyakula vya watu. Yupo hata mmoja wa hao watu aliyewahi kuonja?"

"Sasa hapa Norling mtu wa Uzbekistan nimtoe wapi?"

"Ndiyo hapo. Huenda unatulisha makosa matupu, na sisi tunameza tu."

Ardis alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Alitandika meza Jumapili mbili zaidi na kila alipoonja mchuzi aliisikia sauti ya Lavonne. Ndipo alipokwenda kumwona shangazi yake katika makao ya wazee, akamkuta muuguzi mgeni, binti mchangamfu aitwaye Marivic Magsino, miezi minane tangu atoke Ufilipino. Kabla hajajishauri vizuri, Ardis alikuwa ameshamkaribisha chakula. Kuku wa adobo, akamwambia, Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu. Marivic akasema atakuja na njaa yake yote.

Sasa huyo kuku wa siki na vitunguu saumu, karibu kila anayempika humtia sosi ya soya, akawa wa kahawia. Lakini katika mapishi matano aliyosoma, moja lilisema watu wa kale walitumia chumvi tu. Ardis akalichagua hilo. Alimpika mara nne kwa majaribio, na Delbert, masikini, akala kuku wa siki mara nne bila kuuliza.

Siku ikafika. Marivic alivua viatu vyenye theluji mlangoni, akakabidhi mfuko wa machungwa. Wakasali, na bakuli likafunuliwa.

"Wifi, huyu kuku mbona mweupe kama wa mgonjwa?" akasema Lavonne. "Kwenye simu yangu ni wa kahawia. Mumeo kalima soya miaka arobaini, leo umekosa kijiko cha sosi?"

Ardis alikuwa akiutazama mkono wa Marivic. Binti alikata kipande kwa ubavu wa kijiko, akachota na wali, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, taratibu.

"Ni tofauti," akasema.

Huko Norling mtu hamwambii mwenyeji wake kwamba chakula kibaya. Husema ni tofauti, basi, na kila mtu ameelewa. Lavonne alilitumia neno hilo kwa nywele za mke wa mchungaji na kwa rangi ya benki. Sasa aliinamia sahani yake kwa adabu nyingi, akitabasamu.

Ardis akasimama. Akalichukua bakuli kwa mikono miwili. "Kuna nyama kwenye friji," alisema. "Nitakutilia ndani ya mkate."

Marivic akalishika bakuli upande wa pili. "Mbona unaninyang'anya, mama? Nimekosa nini?"

"Binti," akasema Delbert, ambaye mezani huwa hasemi, "huku kwetu ukisema chakula ni tofauti, umesema hakiliki."

Marivic aliziba mdomo kwa kiganja, kisha akacheka mpaka machozi. Hakuliachia bakuli.

"Siyo hivyo. Sote siku hizi tunamimina sosi, hata mimi. Huyu wa chumvi alikuwa akimpika bibi yangu, mzaa mama. Alipofariki, mama alijaribu mara ngapi sijui, siki inamshinda, inabaki kali. Wewe umeifanyaje?"

"Siikorogi mpaka ichemke," alisema Ardis. "Ukiikoroga mapema, ukali hautoki."

"Basi hapo ndipo mama anapokosea." Marivic alikuwa ameshaanza kujipakulia. "Jumamosi tunakutana wauguzi wa kwetu, watu kumi na wawili. Njoo unipikie huyuhuyu. Nataka wajue kwamba nimempata, na nimempata wapi."

Watu wa Norling wakisifiwa hujitetea kama waliokamatwa na kosa: aa, kitu kidogo tu, chumvi imezidi, leo nimebahatisha. Hata Lavonne, alipoona wifi yake amesimama tu, alimsaidia kama ilivyo desturi.

"Aa, huyu naye," akamwambia Marivic, "anajaribujaribu tu."

Ardis akaketi, akajivutia sahani yake.

"Sijaribujaribu, wifi," alisema. "Mimi najua kupika."