Barua Yenye Hodi Tatu

Juzi, kwenye steshenari moja ya Kilindoni, nilimkuta mama mkulima wa mwani kutoka Juani akichapiwa barua pepe ya kumpelekea mnunuzi wa bara. Binti wa kompyuta alikwishaweka maneno ya buluu, "Bonyeza hapa". Ukiyabonyeza, zinafunguka picha za mwani ulioanikwa uani kwa mama.

Mama akaziba skrini kwa kiganja. "Huko ni kwangu, mwanangu. Mtu ataingiaje uani bila hodi?"

Binti akacheka, akafuta, akaandika "Hodi". Mama akanyoosha vidole vitatu. Zikawa hodi tatu, na ya tatu tu ndiyo inayofungua. Juu ya picha akaandikisha, "Karibu, pita ndani."

Nikaombwa nijaribu. Nilipobonyeza, duka zima likaitika, "Karibu!"

Mwaka huu nimebisha hodi ofisi nyingi. Iliyonikaribisha ni barua ya mama huyu.