Dume la Pili Lilikwenda Pugu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau njia ya kisimani nitaikumbuka. Ni siku niliyouza dume la ng'ombe huku nacheka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na watu wa Msimbu walicheka pamoja nami. Kilio kilikuja baadaye, na nililia peke yangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana ninyi vijana mkisimuliwa jambo mnataka mwisho kwanza. Ilikuwa zama za Mwingereza, baada ya ile vita kuu ya pili. Huku kwetu Kisarawe ng'ombe walikuwa wa kuhesabu, kwa sababu mbung'o hakuwa na huruma na mnyama wa mtu. Mwenye mbuzi sita alijiona bwana. Marehemu baba yangu alikata mkonge miaka mingi kule upande wa Ruvu, na kwa jasho lake akanunua mitamba miwili. Mpaka anafariki, zizini mlikuwa na majike matatu na madume mawili, moja jekundu na moja jeusi. Aliniita pale kitandani akaniambia, "Kibwana, majike ni ya mama yako. Haya madume mawili ni mahari yako. Usiyaguse kwa jambo jingine."

Jambo lenyewe nilikuwa nalo tayari moyoni. Kulikuwa na binti kule Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha, jina lake Tatu. Nilimwona kwenye harusi ya binamu yangu, anatwanga na huku anawajibu wenzake kwa maneno makali yaliyochekesha uwanja mzima, na tangu siku hiyo usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu. Baba yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wake alikuwa baba yake mdogo, mtu mkavu asiyezunguka maneno. Alipokea barua yetu ya posa, akataja mahari, shilingi mia na sabini taslimu, kisha akasema, "Yafike yote kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Yupo pia mtu wa reli pale Soga, naye ameleta barua."

Unaona basi, mwanangu, madume yale yalikuwa na kazi.

Sasa nikupe habari za Mihayo. Mihayo alikuwa Mnyamwezi aliyenunua ng'ombe na kuwauzia wenye mabucha wa Dar es Salaam. Mnadani alionekana kwa nadra. Alizunguka vijijini, akanunua zizini kwa mtu, kisha akamswaga mnyama moja kwa moja mpaka machinjioni. Na Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana haki zake: akija kwako anaweza kunyakua kitu, nawe hukasiriki. Unakikomboa kwa kitu kidogo na kicheko. Anayeukasirikia utani huonekana hakulelewa.

Nilikuwa nalipeleka dume jekundu kunywa maji. Mihayo akatokea njiani, akanipokonya kamba, akajifunga nayo kiunoni.

"Wazaramo!" akapaza sauti. "Babu yangu alitembea miezi mitatu na pembe begani, alipofika kwenu mkampa maji ya chumvi! Leo nimeliteka dume lenu!"

"Jifunge taratibu," nikamwambia, "mwanamume hujifunga hivyo akitaka kuolewa."

Watu wakajaa. Akataja bei yake, nikataja yangu. Akajitupa chini, akajifanya amezimia, na kinamama wakammwagia maji. Akafumbua jicho moja tu. "Mtani, unaniua kwa sababu ya ng'ombe?" Nami, kwa kutaka watu waseme Kibwana ana ulimi, nikajibu, "Haya mchukue, usije ukafia kwetu tukahangaika na sanda yako!" Kijiji kizima kikaangua kicheko. Akanipa shilingi hamsini, akaondoka na dume langu, nami nikabaki napigwapigwa mabega kama mshindi wa ngoma.

Siku ya nne binamu yangu alirudi kutoka mjini. Akaniambia Mihayo anajisifu Kariakoo nzima kwa dume jekundu alilolipata Msimbu, na kwamba mwenye bucha mmoja alimlipa zaidi ya mara mbili ya ile bei, na bado akashukuru. Hapo ndipo nilipolia, mwanangu. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja mapema.

Habari haina miguu lakini hufika. Ikafika Marui kwa shangazi yangu Mwamvua, dada yake baba. Huyu alikuwa mjane aliyezoea kupeleka mbuzi wake mwenyewe mnadani Pugu, wakati huo wanawake wengine wakiona haya hata kupita karibu. Alikuja kwa miguu, na mkeka tulipomtandikia hakuukalia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba ya nini? Dume la kaka yangu liko wapi?"

Nikaanza kumweleza mambo ya utani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Mtani huchukua jogoo, Kibwana. Mtani hachukui mahari. Yeye alikuja na utani mdomoni na biashara mfukoni, wewe ulikuwa na utani peke yake. Sasa unamlaumu nani?"

Nikajitetea, maana ujana una kiburi. Nikasema, "Shangazi, lakini wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ng'ombe mzuri nimtembeze ya nini?"

"Chajiuza kwa nani?" akanikata. "Kwa mtu mmoja? Zizini kwako mnunuzi ni mmoja, na mnunuzi mmoja hana wa kumwonea wivu. Bei ya ng'ombe haizaliwi na ng'ombe, mwanangu. Inazaliwa na watu wawili wanaomtaka."

Neno hilo lilinichoma, na nasema wazi kwamba nilimchukia kwa siku mbili tatu. Lakini hesabu ilikuwa kali kuliko yeye. Ili mahari yatimie, dume jeusi peke yake lilipaswa kuleta shilingi mia na ishirini, bei ambayo Msimbu hatukuwahi kuisikia. Na Ramadhani ilikuwa imebakiza siku ishirini.

Tukaondoka mimi na shangazi. Nilitaka tufike Pugu kwa siku moja. Alikataa. Akasema mwenda pole hajikwai, na ng'ombe anayeswagwa kwa haraka huacha nyama yake njiani. Tulikwenda siku mbili, tunasimama kila penye majani mabichi, yeye akiongea na dume kama mtu na mkwewe. Watu wengine tuliokutana nao njiani walikuwa wakiwalambisha ng'ombe wao chumvi ili wanywe maji mengi, matumbo yajae. Nikauliza kama na sisi tufanye hivyo. "Uongo wa tumbo huisha kwa kukojoa," akajibu, na tukaendelea na safari.

Asubuhi ya mnada uwanja ulikuwa umefurika. Wagogo na ng'ombe wao wa mbali, wenye mabucha wa mjini na kofia zao, bwana mifugo wa Kizungu kaegemea mti wa zizi, na dalali juu ya kigogo ana sauti ya kuamsha maiti. Na nani nimwone mbele kabisa? Mihayo! Amesikia kwamba jeusi linakuja, naye hakutaka limpite. Shangazi akaninong'oneza, "Akikutania, mtanie. Lakini leo kamba usiiachie."

Dume likaingia. Dalali akafungua kwa sitini, mkono mmoja ukainuka, wa pili ukainuka. Hapo Mihayo akapaza sauti, "Jamani, huyu ni ng'ombe wa mtani wangu, namfahamu! Usiku anakohoa kama bibi kizee!"

Watu wakacheka, na mikono ikashuka. Mwanangu, utani unaweza kuua bei mbele ya macho yako. Akilini niliona uso wa Tatu, niliona yule mtu wa reli wa Soga amevaa kanzu mpya. Nikajikaza, nikapanda juu ya ukingo wa zizi.

"Mtani!" nikamwita. "Ndugu yake mwekundu ulimnunua wewe, ukajisifu Kariakoo wiki nzima! Waambie watu hapa: yule naye alikohoa, au ulikohoa wewe kwa kupaliwa na mchuzi?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Hata bwana mifugo, ambaye sidhani kama aliambulia nusu ya maneno, alicheka. Na mzee mmoja mwenye bucha, mwenye tarbushi nyekundu, akageuka. "Kumbe yule mwekundu mwenye nundu alikuwa ndugu yake huyu?" Nikamwambia baba mmoja, mama mmoja. Akainua mkono: themanini. Mihayo hakuweza kunyamaza tena, akasema themanini na tano. Wakapandishana mpaka tisini na tano, wakasimama hapo.

Dalali akanitazama. "Mwenye mali, nimwachie?"

Kuna ukimya fulani wa mnadani ambao kijana asiyeuzoea huuogopa kuliko simba. Watu mia wanakutazama, jua linakuchoma, na unaona kwamba ukikataa utaonekana mroho. Mihayo akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini, safari hii bila utani hata chembe, "Kibwana, mtoe huyu hapa. Twende wote moja kwa moja machinjioni, nakupa mia, tumalize." Mia ilikuwa fedha nyingi. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kusema ndiyo. Nikamtazama shangazi, naye alikuwa anatazama mawingu, kana kwamba hanifahamu. Aliniachia jambo langu mwenyewe.

"Bado!" nikasema, na nikalisema kwa dalali, si kwa Mihayo. "Na huyu bwana hapa ameshaniahidi mia pembeni. Mwambie aiseme mbele za watu!"

Loo! Yule mzee wa tarbushi akaruka kama amekanyaga kaa la moto. Mia na kumi! Mihayo naye damu ikampanda: mia na ishirini! Nilitaka kupiga kelele pale pale, lakini nikauma midomo. Mia na ishirini na tano, mia na thelathini. Mia na thelathini na tano. Na mwisho Mihayo, jasho linamtiririka, akanyoosha mikono yote miwili: mia na arobaini! Dalali akapiga fimbo kwenye kigogo, na shangazi Mwamvua, mwanamke yule asiyecheka hovyo, akapiga kigelegele kilichowashtua ng'ombe wa Wagogo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mihayo alilipa mpaka senti ya mwisho, kisha akanipa mkono. "Mzaramo," akasema, "leo umeninyoa bila maji." Nikamkaribisha harusini, na alikuja, akaiba kuku wawili, na nilimwachia.

Mahari yalifika Pangani siku kumi kabla ya mwezi kuandama. Baba mdogo wa Tatu aliyapokea, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu, akasema, "Kumbe una maneno na una subira." Ndoa ilifungwa Ijumaa iliyofuata. Watoto saba tulipata, na wewe unayenisikiliza umetoka katika ukoo huo.

Sasa sikiliza nasaha yenyewe. Sikukatazi kuuza moja kwa moja machinjioni. Mimi mwenyewe baadaye niliuza huko mara nyingi, na yule mzee wa tarbushi akawa mteja wangu mpaka alipofariki, kwa sababu huko hakuna kushinda juani wala kelele. Lakini nilikwenda kwake nikiwa nimeijua bei, na aliniheshimu kwa kuwa alijua naijua. Asiyeijua bei ya mali yake apitie kwanza mahali penye macho mengi. Mnunuzi anayekufuata nyumbani mkaribishe, mpe maji, mpe na chakula, cheka naye, kisha mwambie utafikiri. Kuona haya kusikuuzie mnyama. Na ukitaka kumfurahisha mtani, mpe jogoo.

Nenda sasa. Mungu akupe mnyama mnono, akupe wanunuzi wawili wasiopendana siku hiyo, na watu wote watakapokukazia macho, akupe kifua cha kusema bado. Na nyumbani awepo mtu anayekusubiri, kama mimi nilivyosubiriwa. Amina.